Mchele, Choroko na Adesi: Mwongozo Kamili wa Kupika Khichri ya India, Mujadara ya Sham na Koshari ya Misri

Mpishi wa nyumbani anayetaka kujaribu chakula cha Kihindi au cha Kiarabu mara nyingi hukatishwa tamaa na orodha ya viungo kabla hata hajawasha jiko. Anakutana na majina kumi na tano, nusu yake hayajui, basi anarudi kwenye wali na maharage aliyoyazoea. Mwongozo huu unaanza na vitu viwili ambavyo havikosekani katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, yaani mchele na mikunde, na unaonyesha namna vinavyopikwa India, Sham (yaani Syria, Lebanon na Palestina) na Misri. Katika mapishi yote matatu, kinachotofautisha ladha si ugeni wa viungo bali ni mafuta: yanapata moto kiasi gani, nini kinatangulia kuingia ndani yake, na yanakutana na chakula wakati gani wa upishi. Ukilishika jambo hilo, viungo vilivyomo kabatini mwako vitatosha.

Mchanganyiko wenyewe ni wa kale sana. Ibn Battuta, msafiri wa Kimorocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye India na akaeleza kwamba wenyeji walipika choroko pamoja na mchele, wakala kwa samli, na kwamba chakula hicho walichokiita kishri kilikuwa kifungua kinywa chao cha kila siku. Msomaji wa pwani atakitambua mara moja, kwa kuwa mseto wa choroko tunaoupika kwa tui la nazi ni ndugu yake wa karibu. Wengi wanaofuatilia historia ya vyakula wanaona kwamba jina hilohilo ndilo lililozaa koshari ya Misri. Mujadara ina ukoo wake mwingine: jina lake la Kiarabu linatokana na makovu ya ndui, kwa jinsi adesi zinavyoonekana zimetapakaa ndani ya wali, na mapishi yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa Baghdad mwaka 1226.

Kabla ya kwenda dukani

Majina ya mikunde ndiyo yanayowapotosha watu kwanza, kwa sababu neno moja hubadilika maana kutoka mji hadi mji. Choroko ni zile punje ndogo za kijani ambazo Kenya bara huitwa ndengu na Mombasa huitwa pojo. Zikikobolewa na kupasuliwa huwa za manjano, na hizo ndizo zinazofaa zaidi kwa khichri. Adesi ni punje bapa mfano wa kifungo kidogo, za kahawia au kijani iliyofifia, ambazo Kenya huitwa kamande. Dengu ni punje kubwa zaidi, zenye mikunjo na ncha iliyochongoka kama mdomo wa ndege, na unga wake ndio tunaopikia bhajia. Kwa kuwa wauzaji wengi huziita adesi na dengu kwa jina moja la dengu, ni salama zaidi kueleza umbo kuliko kutaja jina, au kuomba kuziona kwanza. Adesi nyekundu usizinunue kwa ajili ya mujadara wala koshari: zimekwisha kukobolewa ganda, hivyo huvurugika na kuwa uji kabla mchele haujaiva.

Anayekosa choroko zilizokobolewa anaweza kuloweka choroko za kawaida usiku kucha, akazifikicha kwa viganja ndani ya maji mengi na kumwaga maganda yanayoelea, kama tunavyofanya kunde za bhajia. Anaweza pia kuzipika na maganda yake, kwa kuwa Wahindi wenyewe hufanya hivyo. Khichri itakuwa na rangi nzito na itahitaji dakika kumi na tano zaidi. Hata mbaazi zinafaa. Zikikobolewa na kupasuliwa ndizo zile ambazo Wahindi huziita toor dal, na Tanzania imekuwa ikiwauzia kwa wingi, kiasi kwamba India ilipoweka kikomo cha kuziagiza mwaka 2017, wakulima wa Tanzania waliona bei ikiporomoka. Zao linalosafiri umbali huo kuwafikia wapishi wa nchi nyingine lina haki ya kupikwa vizuri na huku linakolimwa.

Kwa upande wa viungo, kinachohitajika kweli ni bizari nyembamba, manjano, pilipili manga, pilipili kavu, giligilani, tangawizi na kitunguu saumu. Bizari nyembamba inunuliwe ikiwa nzima, kwa sababu ikishasagwa hupoteza harufu upesi, na katika khichri tunaihitaji nzima. Angalia usiuziwe shamari badala yake. Shamari ni nene zaidi, ina ukijani, na ukiitafuna ina utamu unaobaki ulimini, ilhali bizari nyembamba ni ya kahawia na haina utamu huo. Mvuje, ile utomvu iliyokaushwa yenye harufu kali, unapatikana katika maduka ya viungo ya Kihindi na ni wa hiari. Familia za Kijaini, yaani wafuasi wa dini moja ya India, na baadhi ya Wahindu wasiokula vitunguu huutegemea kutoa ladha inayokaribia ya kitunguu saumu.

Mchele wa khichri si lazima uwe wa bei, na hata chenga zinafaa, kwa kuwa tunataka wali ulainike na kushikana. Kwa mujadara na koshari chagua mchele mrefu unaochambuka. Vipimo vyote hapa ni kwa kikombe cha mililita 250, lakini kikombe chochote cha chai kitafaa mradi utumie hicho hicho kwa mchele, mikunde na maji.

Hatua moja ni ya lazima kwa mapishi yote. Mimina mikunde kwenye sinia, ichambue punje kwa punje na uondoe vijiwe, kisha uioshe mara tatu, ila choroko za khichri zioshwe baada ya kukaangwa. Mchele nao uoshe mpaka maji yaache kuwa meupe kama tui, na ule wa mujadara na wa koshari uuloweke kwa dakika 20 hadi 30, uuchuje na uache utulie. Adesi hazihitaji kulowekwa, lakini dengu lazima zilowekwe kwa saa nane hadi kumi na mbili.

Khichri ya choroko

Kwa watu wanne utahitaji kikombe kimoja cha mchele, kikombe kimoja cha choroko zilizokobolewa na kupasuliwa, vikombe saba vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na kipande cha tangawizi cha urefu wa sentimita tatu kilichoparuzwa. Kwa mafuta ya mwisho andaa vijiko vitatu vya chakula vya samli, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, pilipili kavu mbili, punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba, na mvuje wa kubana kwa vidole viwili ukiwa nao.

Anza kwa kukaanga choroko bila mafuta. Hatua hii hufuatwa sana Bengali, ambako khichri ndiyo chakula cha siku ya mvua, na ninaipendekeza kwa kila mtu kwa sababu dakika sita tu zinabadilisha chakula kizima. Tia choroko kavu, kabla ya kuziosha, katika sufuria nzito juu ya moto wa kati, na uzigeuze kwa mwiko bila kuacha. Kwa dakika tatu za kwanza huoni mabadiliko yoyote. Halafu inatoka harufu inayokaribia ya karanga zinazokaangwa, na baadhi ya punje zinapata wekundu pembeni huku nyingine zikibaki za manjano. Hapo zitoe mara moja, ziache zipoe kidogo, kisha zioshe.

Rudisha choroko katika sufuria pamoja na mchele uliooshwa, maji, manjano na tangawizi. Chemsha kwa moto mkali bila kufunika na uenguze povu linalopanda, kisha punguza moto, tia chumvi, funika ukiacha upenyo mdogo, na uache vitokote polepole kwa dakika 30 hadi 35. Koroga kila baada ya dakika tano, ukikwangua chini ya sufuria, kwa sababu choroko hushuka na kushika. Khichri imeiva pale punje ya choroko inapopondeka kati ya vidole bila kiini kigumu na wali umelegea. Iwe nyepesi kuliko unavyotaka kuila, kama uji mzito unaomiminika kutoka kwenye upawa, kwa sababu itaendelea kukaza mezani. Ikiwa nzito mno, ongeza maji ya moto. Maji baridi huifanya ikatike, maji yakawa huku na wali kule.

Sasa inafuata sehemu inayoitwa tarka, ambayo ndiyo moyo wa upishi huu. Pasha samli katika kikaango kidogo, kisha udondoshe punje moja ya bizari nyembamba. Ikizama na kutulia, samli bado. Ikizungukwa na mapovu papo hapo na kuanza kucheza, ni tayari. Ikigeuka nyeusi mara moja, toa kikaango motoni na usubiri. Tia bizari yote. Katika sekunde ishirini hadi thelathini itavimba kidogo na kuiva rangi. Ongeza kitunguu saumu na ukitikise kikaango mpaka kingo zake ziwe za dhahabu, kisha pilipili kavu zilizovunjwa, na mwisho kabisa mvuje. Pilipili na mvuje hutiwa mwisho kwa sababu huungua upesi kuliko vyote. Mimina kila kitu juu ya khichri palepale, na uwe tayari kwa mlio mkali wa mafuta yanapogusa maji. Funika sufuria mara moja kwa dakika tano ili moshi wake wenye harufu ubaki ndani.

Ni vizuri kuelewa kwa nini tunahangaika hivi badala ya kutia bizari ndani ya maji tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na joto la mafuta hupita kwa mbali nyuzi 100 ambazo maji hayawezi kuzivuka. Bizari iliyochemshwa nusu saa hutoa harufu hafifu, tena mvuke unaichukua. Iliyokaangwa nusu dakika na kumiminwa mwishoni hubaki juu ya kila tonge. Manjano, kinyume chake, tunayachemsha, kwa sababu yakiingia mafuta makali peke yake huungua na kuwa machungu.

Khichri huliwa kwa mtindi, achari ya embe au ya ndimu, na samli zaidi kwa anayependa. Gujarat huiambatanisha na kadhi, yaani mchuzi wa mtindi uliokazwa kwa unga wa dengu. Ikipikwa bila pilipili ni chakula cha mgonjwa na cha mtoto anayeanza kula, na katika nyumba nyingi za India ndicho cha kwanza kupikwa mtu anaporudi kutoka safari ndefu. Hata hivyo heshima yake haiishii kwa wagonjwa: Novemba 2017 mjini Delhi ilipikwa sufuria moja ya khichri ya kilo 918, ikaingia katika rekodi za dunia.

Vitunguu, kazi inayohitaji subira

Mujadara na koshari zote husimama juu ya vitunguu maji vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia na kukauka, na makosa mengi ya wapishi wapya yanatokea hapa. Kitunguu kina maji karibu asilimia 89. Maadamu maji hayo yamo, joto la kitunguu haliwezi kupanda vya kutosha kukitia rangi, hata moto uwe mkali namna gani. Kinachotokea ni kuchemka, wala si kukaangika. Kwa hiyo dakika kumi na tano za mwanzo ni za kukausha maji, na kuongeza moto ili kuharakisha huunguza kingo huku katikati kukiwa bado kubichi.

Menya vitunguu vikubwa vinne, karibu gramu 600 kwa jumla, vikate nusu, kisha vikate vipande vya nusu mwezi vyenye unene wa milimita tatu hivi. Usawa wa unene ni muhimu kuliko wembamba wenyewe, kwa sababu vipande vyembamba vitaungua vikivisubiri vinene. Pasha nusu kikombe cha mafuta ya zeituni au ya alizeti katika kikaango kipana, tia vitunguu, na uache moto wa kati. Usitie chumvi, kwani huvuta maji na kuvifanya vilegee.

Kuanzia hapo tumia masikio pamoja na macho. Mwanzo utasikia mlio mzito wa kuchemka na kuona mvuke mwingi. Geuza kila baada ya dakika mbili. Baada ya dakika kumi na mbili hadi kumi na tano mlio unapungua na kuwa mwembamba, mvuke unakatika, na vitunguu vinakuwa vimepungua zaidi ya nusu. Hapo maji yamekwisha na rangi inaanza, kwanza ya manjano, kisha ya asali. Usiondoke tena jikoni. Dakika tano za mwisho huenda mbio: koroga mfululizo, na vitunguu vikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea, vitoe kwa kijiko chenye matundu na uvitandaze juu ya karatasi au chungio, visirundikane. Vitaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe na kuwa vyeusi kidogo kuliko ulivyovitoa, ndiyo maana tunavitoa mapema. Vikipoa vitalia chini ya meno. Mafuta yaliyobaki yahifadhi kwa uangalifu, kwa maana ladha yote ya kitunguu imo ndani yake na ndiyo tutakayopikia.

Mujadara ya adesi za kahawia

Kwa watu wanne utahitaji kikombe kimoja cha adesi, kikombe kimoja cha mchele mrefu uliolowekwa, vile vitunguu vinne vilivyokwisha kukaangwa pamoja na mafuta yake, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa wakati huo huo, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na kijiko kimoja na robo cha chai cha chumvi.

Chemsha adesi kwa vikombe vinne vya maji kwa dakika 15, kisha uonje moja. Inatakiwa ganda liwe zima na meno yapenye bila shida, lakini kiini kiwe bado na ukinzani mdogo, kwa sababu zitaendelea kuiva pamoja na mchele. Zilizoiva kabisa hapa zitapondeka baadaye. Kipimo hiki hakiwezi kufuatwa kwa saa pekee, kwani adesi zilizokaa ghalani muda mrefu huweza kuchukua nusu saa. Zichuje na uhifadhi maji yake ya kahawia.

Katika sufuria nzito tia vijiko vitatu vya mafuta ya vitunguu, bizari na pilipili manga, uzungushe kwa nusu dakika, kisha mimina mchele uliochujwa na uugeuze taratibu mpaka kila punje ing'ae. Ongeza adesi, chumvi, na robo ya vitunguu vilivyokaangwa ukiwa umevivunjavunja kwa mkono. Hivi vitayeyuka na kuupa wali rangi yake ya hudhurungi. Pima vikombe viwili vya maji ya adesi, ukiongeza maji ya moto kama hayatoshi, na uyamimine. Vikichemka, punguza moto kabisa, funika, na uache kwa dakika 15 bila kufunua. Anayepikia mkaa apunguze makaa chini na kupalia machache juu ya mfuniko, kama tunavyokausha wali. Kisha toa motoni, weka kitambaa safi kati ya sufuria na mfuniko kinyonye mvuke, na uache kwa dakika kumi nyingine kabla ya kuchambua kwa uma.

Pakua kwenye sinia na utapanye vitunguu vyote vilivyobaki juu yake wakati wa kula, si mapema, visije vikalowa. Huhitaji mchuzi. Mtindi wa baridi na kachumbari iliyokamuliwa ndimu vinatosha, na wengi wa Syria, Lebanon na Palestina hukila hivyohivyo, kikiwa cha moto au kikiwa kimepoa. Nilipokipika mara ya kwanza nilidhani kitakuwa kikavu. Nilikosea, kwa sababu mafuta ya vitunguu yanafanya kazi ambayo huku tumeizoea kufanywa na mchuzi.

Koshari

Koshari ndiyo ndefu kuliko zote, si kwa ugumu bali kwa wingi wa vyombo, na siri yake ni mpangilio. Mjini Cairo huuzwa katika mikahawa inayopika chakula hicho kimoja tu. Muuzaji hupakua wali, adesi, makaroni, dengu, mchuzi wa nyanya na vitunguu kwa mwendo wa haraka. Kwa kuwa hakina nyama wala maziwa, Wakristo wa Kikopti hukitegemea sana siku za mfungo.

Kwa watu sita tayarisha kikombe kimoja cha dengu zilizolowekwa, kikombe kimoja cha adesi, kikombe kimoja na nusu cha mchele, konzi moja ya tambi nyembamba zilizovunjwa, gramu 200 za makaroni madogo, vitunguu maji vitatu, nyanya nane zilizoiva, nyanya ya kopo vijiko viwili vya chakula, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, siki, ndimu moja, bizari nyembamba, giligilani ya kusaga na pilipili ya unga.

Dengu zitangulie, kwa maana zinachukua saa moja au zaidi. Mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, na ukipenda ziive upesi ongeza robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Usizitie nyanya wala ndimu zikiwa bado ngumu, kwa sababu uchachu huzuia mikunde yote isilainike. Wakati zinachemka, kaanga vitunguu kama ilivyoelezwa, ila hapa vikate vyembamba zaidi na uvipake kijiko kimoja cha unga wa ngano kabla ya kuvitia katika kikombe kizima cha mafuta. Unga huo huvipa ukavu unaodumu hata chini ya mchuzi. Chemsha adesi kwa dakika 15 na uzichuje.

Kisha mchuzi. Pasha vijiko viwili vya mafuta ya vitunguu, kaanga punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa mpaka zinukie, tia kijiko kimoja cha siki na usubiri mvuke wake mkali upite, halafu nyanya zilizosagwa, nyanya ya kopo, kijiko cha chai cha giligilani, chumvi, na pilipili kwa kiasi. Uache utokote kwa dakika 25 bila kufunika, mpaka mafuta yajitenge juu na mwiko uache njia chini ya sufuria. Hapo ongeza kijiko kingine cha siki. Mchuzi wa koshari lazima uwe na uchachu wa kusikika, kwa kuwa ndio unaokata uzito wa wanga wote huo.

Wakati mchuzi unakaza, pika wali. Kaanga tambi katika vijiko viwili vya mafuta ya vitunguu mpaka ziwe za kahawia, tia mchele uliochujwa, adesi, chumvi na vikombe viwili na nusu vya maji ya moto, na upike kwa moto mdogo kama mujadara. Makaroni yachemshwe peke yake katika maji mengi yenye chumvi, yachujwe na kupakwa kijiko cha mafuta yasishikane.

Inabaki maji ya dakka, ambayo wengi wanaoiga koshari huyasahau na kisha kushangaa kwa nini chakula chao kimepooza. Ponda kwenye kinu punje tano za kitunguu saumu kwa nusu kijiko cha chumvi mpaka ziwe laini kabisa, changanya na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, robo kikombe cha siki, maji ya ndimu na nusu kikombe cha maji. Hayapikwi. Katika bakuli jingine mimina vijiko vitatu vya mafuta ya vitunguu yaliyo moto juu ya kijiko kimoja cha pilipili ya unga, upate shatta.

Kupakua kuna utaratibu wake: wali na adesi chini, makaroni juu yake, mchuzi wa nyanya, dengu, kisha vitunguu. Dakka na shatta ziwekwe mezani, kila mmoja ajinyunyizie mwenyewe.

Kuhifadhi na kupasha kiporo

Wali uliopikwa hauvumilii kukaa nje. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili hata kuchemka, navyo huzaana wali ukikaa vuguvugu na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Kwa hiyo kinachobaki kitandazwe kwenye chombo kipana kipoe upesi, kiingie katika jokofu ndani ya saa moja au mbili, na kipashwe mara moja tu mpaka kitoe mvuke kote. Asiye na jokofu apike cha kutosha mlo mmoja. Koshari ihifadhiwe kila kitu mbali mbali, na vitunguu vikae katika chupa kavu yenye kifuniko.

Khichri ikilala katika jokofu hukaza kama ugali, na ukiipasha kwa maji ya moto hurudi, ila kuna njia nzuri zaidi. Ichukue kikombe kimoja ikiwa ya baridi, changanya na kikombe kimoja cha unga wa ngano, mweupe au wa atta (ngano isiyokobolewa), vijiko viwili vya unga wa dengu, kitunguu kilichokatwakatwa, giligilani mbichi na chumvi kidogo, ukande bila maji kwanza, kwa kuwa khichri yenyewe ina unyevu wa kutosha, na uongeze kijiko kimoja kimoja ikibidi. Uache unga upumzike kwa dakika 15, usukume kama chapati nene kidogo, na upike juu ya chuma kilichopata moto, ukipaka samli kila upande mpaka madoa ya kahawia yatokee.